Mafuta ya Bangi na Miguu Inayowaka Moto Baada ya Tibakemikali

Mgonjwa amemaliza dripu zake. Uvimbe umepungua, nywele zimeanza kuota, ndugu na majirani wameshamshukuru Mungu, lakini yeye bado hawezi kufunga vifungo vya shati, na akikanyaga sakafu usiku anahisi kama amekanyaga makaa. Akilalamika anaambiwa ashukuru yuko hai. Ni katika upweke huo ndipo mtu humnong'oneza habari za mafuta ya bangi, na ni rahisi kuelewa kwa nini anasikiliza. Naandika kwa ajili yake na kwa anayemuuguza, na nitasema mapema ninaposimama: kwa ushahidi uliopo hadi sasa, kanabinoidi, yaani kemikali zinazotokana na bangi au zinazofanya kazi kama hizo, hazijastahili kuwa chaguo la kwanza wala la pili kwa maumivu haya. Hofu yangu kubwa si kwamba zitamdhuru kila anayezitumia. Hofu yangu ni kwamba zinamchelewesha mgonjwa kufanya yale yenye nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia, na baadhi ya hayo yana muda wake, ukipita haurudi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Dawa kadhaa za saratani hushambulia neva, hasa paklitakseli na dosetakseli, sisplatini na oksaliplatini, vinkristini, na bortezomibu inayotumika kwa saratani ya uboho. Katika hospitali za Afrika Mashariki majina haya si mageni. Mwanamke mwenye saratani ya matiti hupewa paklitakseli, mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa sisplatini pamoja na mionzi, na mwenye saratani ya Kaposi hupewa vinkristini au paklitakseli, mara nyingi akiwa pia anaishi na virusi vya UKIMWI, ambavyo peke yavyo vinaweza kuharibu neva. Neva ndefu ndizo zinazoumia kwanza, ndiyo maana dalili huanzia kwenye vidole vya miguu na vya mikono, kisha hupanda kwa namna ya soksi na glavu: ganzi, kuchomachoma, kuwaka moto, na kwa baadhi ya watu maumivu makali hata shuka ikigusa ngozi. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000, wakakuta kwamba takriban asilimia 68 walikuwa na dalili hizi katika mwezi wa kwanza baada ya kumaliza tiba, asilimia 60 katika mwezi wa tatu, na asilimia 30 miezi sita na kuendelea. Naomba msomaji azikumbuke namba hizo tatu, kwa sababu ndani yake kuna jambo litakalotusaidia baadaye: wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, bila dawa yoyote ya neva. Lakini kwa sisplatini na oksaliplatini mambo yanaweza kwenda kinyume kwanza. Dalili zinaweza kuendelea kuzidi kwa miezi miwili au mitatu baada ya dripu ya mwisho, kabla ya kuanza kutulia.

Matumaini juu ya kanabinoidi hayakuzuka hewani, na anayeyabeza hajatenda haki. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wakiwa Israel, walitenga THC, kemikali inayolevya katika bangi. Miaka ya 1990 ilipoanza ikajulikana kwamba mwili wenyewe una vipokezi vinavyoitika kemikali hizo, CB1 vilivyo vingi kwenye ubongo na neva, na CB2 vilivyo vingi kwenye seli za kinga, na kwamba mwili hujitengenezea kemikali zake zinazovigusa. Vipokezi hivyo vinashiriki katika kupunguza au kuongeza nguvu ya ishara za maumivu. Katika maabara, panya waliopewa paklitakseli wakawa wanarusha miguu kwa kuguswa kidogo tu, walitulia walipopewa kanabinoidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia walionyesha kwamba CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, ilizuia hali hiyo kwa panya isitokee kabisa, na katika seli za saratani ya matiti zilizooteshwa maabara haikupunguza makali ya paklitakseli. Ni matokeo mazuri. Ila panya huyo hakuwa na saratani, alidungwa CBD kwa kipimo kilichohesabiwa kwa uzito wake, alipewa katika siku zilezile za paklitakseli na si miezi sita baadaye, na hakuna aliyemuuliza kama analala usiku. Mgonjwa anayenunua chupa ya mafuta leo kwa ajili ya neva zilizoumia mwaka jana hafanani na panya huyo karibu katika jambo lolote.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba. Jaribio linalogusa swali letu moja kwa moja lilifanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2014. Wagonjwa waliokuwa tayari na maumivu ya neva yaliyotokana na tibakemikali walipewa kwa zamu dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, inayouzwa kwa jina la Sativex, na dawa ya kupuliza isiyo na kitu ndani, wao wenyewe bila kujua ni ipi. Waliokamilisha walikuwa 16. Kwa kundi zima hapakuwa na tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Watano walipata nafuu ya alama mbili au zaidi katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Watafiti wenyewe walisema jaribio kubwa zaidi linahitajika, na walikuwa sahihi, kwa sababu watu 16 hawatoshi kuthibitisha wala kukanusha. Mwaka 2021 kikatoka Israel kitu cha kutia moyo zaidi: katika kumbukumbu za wagonjwa 513 waliopewa oksaliplatini, waliokuwa wakitumia bangi ya hospitali walionekana kuumia neva kwa kiasi kidogo kuliko wasioitumia. Lakini hizo zilikuwa kumbukumbu za nyuma. Hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hatuwezi kujua kama bangi ndiyo iliyowakinga au waliochagua bangi walitofautiana na wenzao tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, hilo ni swali la kukinga wakati dripu zikiendelea. Anayeuliza habari za kutibu maumivu yaliyokwisha kuingia hajapata jibu lake hapo.

Tukitoka nje ya tibakemikali na kutazama maumivu ya neva ya kila aina, ushahidi ni mwingi kidogo, na unatuambia jambo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 ulijumlisha majaribio 16 yenye watu 1,750. Waliopata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi walikuwa asilimia 21 kwa dawa za bangi, na asilimia 17 kwa plasebo, yaani kidonge au maji yasiyo na dawa. Upande wa madhara, kizunguzungu, usingizi, kuchanganyikiwa na mengine ya aina hiyo yaliwapata asilimia 61 dhidi ya 29. Kwa maneno mengine, kwa kila watu 100 waliotumia, wanne au watano zaidi ndio waliopata nafuu kubwa, huku zaidi ya 30 wakiongezeka kwenye safu ya wenye kizunguzungu na mawenge. Ndiyo maana mwaka 2019 taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo wa tiba Uingereza, nchi ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi, ilisema THC isitolewe kwa maumivu sugu, na CBD isitolewe isipokuwa ndani ya utafiti. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa maumivu, IASP, nayo ilikataa kuidhinisha matumizi ya jumla ya kanabinoidi kwa maumivu.

Msomaji anaweza kusema: mbona nawajua watu waliopona kwa mafuta hayo? Sina sababu ya kuwaita waongo. Rudi kwenye zile namba tatu, 68, 60, 30. Kama watu 100 wenye ganzi na maumivu wataanza mafuta ya bangi mwezi wa kwanza au wa pili baada ya dripu ya mwisho, zaidi ya nusu yao watakuwa wamepata nafuu miezi michache baadaye hata kama chupa ilikuwa na mafuta ya nazi matupu. Kila mmoja wao atashuhudia kwa moyo safi kwamba mafuta ndiyo yaliyomponya, na hao wengine ambao hawakupona watanyamaza. Tena mtu huanza dawa siku maumivu yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki mara nyingi ni ya kushuka. Ongeza nguvu ya matarajio, ambayo katika majaribio ya bangi imekuwa kubwa ajabu: uchambuzi wa mwaka 2022 wa majaribio 20 uliona kwamba sehemu kubwa ya nafuu waliyoipata waliotumia kanabinoidi ilionekana pia kwa waliopewa plasebo. Nafuu ya namna hiyo ni nafuu ya kweli kwa anayeihisi. Haitoshi tu kutuambia kwamba bangi ndiyo iliyoileta, wala kwamba itamletea jirani.

Kuna pingamizi la pili lenye uzito zaidi. Mwaka 2007 huko San Francisco wagonjwa 50 wenye maumivu ya neva yatokanayo na virusi vya UKIMWI waligawanywa, nusu wakavuta bangi yenye THC, nusu wakavuta iliyoondolewa THC. Katika siku tano, asilimia 52 ya kundi la kwanza walipata nafuu ya zaidi ya asilimia 30, dhidi ya asilimia 24 ya kundi la pili. Ni jaribio halali na matokeo yake siyapuuzi. Ndiyo sababu moja ya mimi kutosema kwamba bangi haifanyi chochote kwa neva. Lakini siku tano ni fupi mno kwa tatizo la miezi na miaka, mtu aliyewahi kuvuta anatambua haraka kama anacholetewa kinalevya au hakilevyi, na neva iliyoumizwa na virusi si lazima iitike kama iliyoumizwa na paklitakseli. Hilo la mwisho si dhana tupu. Gabapentini, ambayo husaidia maumivu ya neva ya kisukari, ilipojaribiwa kwa maumivu ya tibakemikali haikushinda plasebo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: kama kipimo ni ushahidi, dawa mnazozisifu zina nini cha kujivunia? Dawa pekee ambayo chama cha madaktari wa saratani Marekani, ASCO, kiliipendekeza katika mwongozo wake wa 2020 kwa maumivu haya yakishaingia ni duloksetini, na nguvu yake ni ya wastani. Jaribio lililoipa sifa hiyo, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa na wagonjwa 231. Asilimia 59 ya walioitumia walipungukiwa maumivu kwa kiasi fulani, dhidi ya asilimia 38 ya plasebo. Si muujiza. Tofauti yake na mafuta ya bangi ni kwamba ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii hasa, walikuwa wengi, kipimo kinajulikana, miligramu 30 kwa wiki moja kisha 60, kila kidonge kina kilichoandikwa, na baada ya wiki tano hivi mgonjwa na daktari wake wanaweza kuamua kwa macho makavu kama inaendelea au inaachwa. Inaonekana kuwasaidia zaidi waliopewa oksaliplatini kuliko waliopewa paklitakseli. Ina masharti yake pia: haimfai mwenye ini bovu, haichanganywi na tramadoli bila daktari kujua, haikatizwi ghafla, na mwanamke anayetumia tamoksifeni lazima aseme, kwa sababu duloksetini inaweza kupunguza kazi ya tamoksifeni mwilini. Mahali isipopatikana au bei inaposhinda, madaktari wengi hutumia amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku. Ushahidi wake kwa tatizo hili hasa ni dhaifu, lakini ni ya bei nafuu, inajulikana vizuri kwa maumivu mengine ya neva, na humsaidia mtu kulala.

Jambo moja zaidi kabla sijaingia kwenye nini cha kufanya. Duloksetini, amitriptilini na kanabinoidi zote, hata zikifanya kazi vizuri, zinapunguza maumivu. Haziondoi ganzi. Mgonjwa ambaye shida yake ni vidole visivyohisi sindano wala sarafu, bila maumivu, hana kidonge wala tone la kumrudishia hisia. Kinachomrudishia ni muda, kama neva haikufa kabisa. Wengi wanaotumia fedha kwa mafuta wanaitafuta hisia iliyopotea, na hakuna jaribio lolote lililoonyesha kwamba bangi inairudisha.

Kwa hiyo muda wa thamani kuliko wote ni ule kabla ya dripu inayofuata. Ganzi ikianza, usingoje uulizwe. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba dawa itapunguzwa na saratani itarudi, na hofu hiyo ina mantiki, lakini uamuzi huo si wako peke yako wala si wa daktari asiyejua unachohisi. Sema lini ilianza, imepanda hadi wapi, na hasa unashindwa kufanya nini: kufunga vifungo, kushika peni, kuchambua mchele, kujua kama kandambili bado iko mguuni. Maelezo ya namna hii yanamfaa daktari kuliko kusema tu miguu inasumbua. Akiyajua anaweza kuahirisha dripu kidogo, kupunguza kipimo, au kubadili dawa, na mpaka sasa hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuzuia ganzi isiwe ya maisha. Anaweza pia kutafuta mengine yanayoumiza neva kwa wakati uleule: kisukari, pombe, upungufu wa vitamini B12, ambao huweza kuwapata waliotumia metformini kwa miaka, au isoniazidi ya kifua kikuu iliyotolewa bila vitamini B6. Haya yana tiba, na ni hasara kubwa kuyakosa kwa sababu kila kitu kimetupiwa dripu. Kwa wanaopewa paklitakseli, upo pia ushahidi wa kutia moyo wa kupoza mikono na miguu wakati dripu ikiingia. Katika jaribio la Japani la mwaka 2018 lenye wanawake 36, kila mmoja alivaa glavu na soksi za barafu upande mmoja tu wa mwili, na waliopungukiwa hisia za mkono walikuwa asilimia 28 kwa upande uliopozwa na asilimia 81 kwa upande ambao haukupozwa. ASCO bado inataka majaribio makubwa zaidi, lakini ni jambo la kumuuliza daktari wako. Kwa oksaliplatini usijaribu bila ruhusa, kwa kuwa baridi ndiyo inayochochea maumivu ya dawa hiyo.

Sasa hatari za mafuta yenyewe. Ya kwanza ni kutojua unachokunywa. Mwaka 2017 watafiti Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD na kuzipima; ni chini ya theluthi moja tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na 18 zilikuwa na THC. Ikiwa hali ni hiyo kwa chupa zenye lebo, chupa isiyo na lebo iliyotoka kwa mtu wa mtu haina dhamana yoyote. Ya pili ni kugongana na dawa nyingine. CBD huzuia vimeng'enya vya ini ambavyo mwili huvitumia kuvunja dosetakseli, vinkristini na warfarini, na dawa isipovunjwa inavyostahili hurundikana. Vinkristini ikirundikana inaumiza neva zaidi, ndilo jambo lilelile ulilokuwa unalikimbia. Ya tatu ni kuanguka. Mtu asiyehisi sakafu hutembea kwa kutegemea macho na utulivu wa kichwa. THC ikimnyang'anya huo utulivu, safari ya chooni usiku inakuwa ya hatari, na mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa anaweza kuvunjika nyonga. Ya nne inawahusu wanaovuta: bangi iliyokaushwa huweza kubeba ukungu, na mapafu ya mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka hayana ulinzi dhidi yake.

Sheria nayo ipo. Mwezi Desemba 2020 tume ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye jedwali la vitu vinavyobanwa zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25, na Rwanda mwaka huohuo iliruhusu kilimo chake kwa ajili ya dawa za kuuza nje. Wengine walielewa kwamba mlango umefunguliwa. Kwa mgonjwa wa Tanzania au Kenya haukufunguliwa: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 na sheria ya Kenya ya 1994 bado zinamshika mwenye bangi, na ugonjwa wake haumpi kinga. Ndugu walioko Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambako chupa hizi zinauzwa dukani, wasizitie kwenye sanduku la kumletea mgonjwa, na wasipite nazo kabisa katika viwanja vya ndege vya Ghuba.

Kwa mgonjwa ambaye saratani yake haitapona na ambaye maumivu yamemnyima usingizi baada ya dawa nyingine kushindwa, mizani hubadilika. Miaka ijayo si hoja tena, na kama anaishi mahali sheria inaporuhusu, jaribio fupi la dawa ya bangi yenye kipimo kinachojulikana, chini ya daktari, si jambo la kulaumu. Lakini hata huyo, kwetu, kwanza ajiulize kama amefikiwa na huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Uganda imekuwa ikitoa morfini ya kunywa kwa miaka mingi, ikianzia kazi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, na kwa maumivu ya saratani yenyewe hakuna kanabinoidi inayoifikia.

Na kama tayari unatumia mafuta, usimfiche daktari, wala usingoje kuyaacha ndipo useme. Nenda na chupa yenyewe, au picha yake, mwambie matone mangapi, mara ngapi, na tangu lini, kabla ya dripu na si baada yake. Mwuguzi akikukaripia, omba kuzungumza na mfamasia wa dawa za saratani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua zinavyogongana. Wakati huohuo kila jioni andika kwenye daftari alama ya maumivu, 0 hadi 10, na kama umelala. Baada ya wiki nne linganisha na ulikoanzia. Kama alama hazijashuka angalau mbili, fedha ya chupa inayofuata nunua viatu vilivyofungwa mbele, taa ya kuwasha usiku kati ya kitanda na choo, na kioo kidogo cha kukagulia nyayo kila siku, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko kabla ya kuingiza mguu.